Nani Alichora Ua la Mlango Huu?

Kwa muda sasa video za mashine ya CNC, ile inayochonga kwa kufuata mchoro ulio kwenye faili la kompyuta, ikichonga mlango zimetapakaa mitandaoni. Ubao wa mkongo umelazwa mezani, kichwa cha mashine kinashuka, vumbi linaruka, na ua ambalo fundi wa nakshi angelihangaikia kutwa nzima linajitokeza petali baada ya petali, bila mtu kushika patasi. Wanaotoa maoni hugawanyika pande mbili. Wapo wanaoshangilia kwamba sasa hata mtu wa kipato cha kawaida atapata mlango wa nakshi. Wapo pia wanaoomboleza kwamba ufundi umezikwa, na kati yao wale waliosoma kidogo historia ya samani humleta William Morris, mbunifu wa samani wa karne ya 19, na vuguvugu la Uingereza liitwalo Arts and Crafts, yaani sanaa na ufundi, kama shahidi wao. Wanatukumbusha kwamba zaidi ya miaka mia moja iliyopita walikuwepo watu wenye busara walioikataa mashine, wakarudi kwenye randa na tezo, na samani zao leo zinagombaniwa minadani. Nasi, wanasema, tufuate njia hiyohiyo.

Shahidi huyo anasemewa maneno ambayo hakuyasema. Watu wa Arts and Crafts walibishana sana wao kwa wao kuhusu mashine, na wengi wao waliitumia. Kilichowakutanisha kilikuwa swali jingine: mtu aliyesimama mbele ya ubao ameachiwa uamuzi gani? Anajua anatengeneza nini na kwa nini, au amekodishwa mikono tu? Tukiusoma wakati ule kwa jicho hilo, mjadala wetu wa CNC unageuka, kwa sababu msumeno wa umeme unaweza kukaa kwenye karakana yenye heshima, na patasi ya mkono ikakaa kwenye karakana ya dhuluma.

Nilianza kulifikiria jambo hili baada ya kupita karakana moja ya Keko, Dar es Salaam. Fundi mmoja, mtu mzima, alikuwa anapiga msasa mlango uliotoka kwenye mashine, akifuata kingo za ua kwa kipande cha msasa alichokikunja mara nne. Ukutani nyuma yake zilining'inia pateni za plaiwudi za vichwa vya vitanda, za mtindo wa zamani, zimejaa vumbi. Alizikata mwenyewe alipokuwa kijana. Nikamuuliza lile ni ua gani. Akalitazama kama analiona mara ya kwanza. "Sijui, kaka. Limekuja na faili." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja bei ya misumari, na ndiyo sababu maneno yale hayajanitoka.

Turudi nyuma. Mwaka 1851 London ilifanya Maonyesho Makuu ndani ya jengo la chuma na kioo lililosimamishwa kwenye bustani ya Hyde Park. Ilikuwa sherehe ya viwanda. Samani nyingi zilizoonyeshwa zilikuwa zimelemewa na mapambo: mizabibu, simba, malaika, mashada ya maua, yote yamerundikwa juu ya kabati mpaka kabati lenyewe halionekani. Inasimuliwa kwamba Morris, wakati huo kijana wa miaka 17, alifika na familia yake akakataa kuingia. Miaka miwili baadaye mkosoaji wa sanaa John Ruskin, katika kitabu chake kuhusu majengo ya Venice, aliandika sura moja ambayo ndiyo mbegu ya kila kilichofuata. Aliyatazama mawe ya makanisa ya kale, yenye nakshi zisizolingana, akasema humo ndani yumo mtu huru: alikosea, lakini alifikiri. Kisha akawageukia Waingereza wenzake waliojisifia vitu vyao laini visivyo na doa, akawaambia kwamba ulaini huo umenunuliwa kwa kumgeuza binadamu kuwa chombo. Watu husema kazi imegawanywa, alieleza, ilhali kilichogawanywa ni mtu mwenyewe, amekatwa vipande vidogo hivi kwamba akili iliyobaki haitoshi hata kutengeneza pini nzima; inaishia kwenye ncha yake.

Mfano aliouchagua unatuhusu sisi watu wa pwani na bara hii kuliko tunavyodhani. Aliuzungumzia ushanga wa kioo. Kioo huvutwa kikawa fimbo nyembamba, fimbo hukatwa vipande vidogo, vipande huzungushwa motoni vikawa duara. Wakataji, alisema, hukaa kutwa nzima mikono ikitetemeka kwa mpigo uleule, na shanga zinadondoka chini yao kama mvua ya mawe. Hakuna hata mmoja kati yao anayepata nafasi ya kutumia uwezo wowote wa kibinadamu. Akamalizia kwa kusema kwamba binti anayenunua shanga hizo anashiriki biashara ya utumwa. Miaka hiyohiyo, shanga za Venice zilikuwa zinashushwa Unguja na kubebwa na wapagazi hadi Tabora na Ujiji, zikilipia pembe za ndovu na chakula cha msafara. Zile nyekundu wazee wetu waliziita samesame, na kila nchi ya njiani ilikuwa na rangi yake inayokubalika, kiasi kwamba mfanyabiashara aliyekosea rangi angeweza kulala njaa. Ruskin alikuwa anamfikiria mkataji wa kioo, hakuwa anatufikiria sisi. Hata hivyo ushanga ni uleule, umeanzia kwenye mikono inayotetemeka na kuishia kwenye njia ya pembe na watumwa. Sidhani kuna mahali pengine ambapo chimbuko la fikra za Arts and Crafts linaigusa historia yetu kwa karibu namna hii.

Angalia vizuri Ruskin alilaumu nini. Kukata kioo ilikuwa kazi ya mkono, mia kwa mia. Hakukuwa na mashine pale. Na ndiyo kazi aliyoitaja kuwa utumwa. Anayetuambia kwamba vuguvugu hili lilitetea mkono dhidi ya mashine anapaswa kuanza kwa kulieleza hilo.

Morris, aliyezaliwa 1834 katika familia yenye fedha, ndiye aliyeyatoa mawazo hayo kitabuni akayaingiza sebuleni. Rafiki yake Philip Webb alimchorea nyumba ya matofali mekundu huko Bexleyheath, iliyokamilika 1860, na walipokosa samani za kuwaridhisha madukani wakaamua kuzitengeneza. Mwaka 1861 wakafungua kampuni. Kulikuwa na makabati makubwa yaliyopakwa picha, ya watu wenye nafasi, na kulikuwa na viti vyepesi vya rangi nyeusi vyenye kikalio cha majani ya kinamasini yaliyosokotwa, vilivyofuata mtindo wa vijijini Sussex na kuuzwa kwa bei ya chini. Kimoja kina hadithi ya peke yake. Meneja wa kampuni, Warington Taylor, alikiona kiti cha kuegemea chenye mgongo unaolazwa kwa seremala mzee wa Sussex aitwaye Ephraim Colman. Mwaka 1866 Webb alikichora upya, kampuni ikakiuza, Wamarekani wakakiiga kwa maelfu. Mpaka leo dunia nzima inakiita kiti cha Morris. Colman, aliyekuwa nacho karakanani kwake kabla ya wote, anakumbukwa na wataalamu wachache. Kwa hiyo hata nyumbani kwa vuguvugu lenyewe swali la nani alichora halikupata jibu la haki kila mara, na sioni sababu ya kulificha.

Jina Arts and Crafts lilikuja baadaye. T. J. Cobden-Sanderson alilipendekeza 1887 kwa ajili ya chama kipya cha maonyesho, na onyesho la kwanza likafanyika London 1888, Walter Crane akiwa rais wa chama. Walichokifanya kilikuwa kigeni kwa biashara ya samani ya enzi hizo: katika orodha ya vitu walitaja aliyebuni na pia aliyetengeneza. Mwenye duka alizoea kuweka jina lake juu ya kila kitu. Sasa seremala naye akasomeka kwenye karatasi.

Kuhusu mtindo wenyewe, watu wengi huishia kwenye maneno kama "rahisi" na "imara", maneno ambayo hayamfundishi mtu kuona. Afadhali tumfuate Ernest Gimson. Alikuwa amesomea usanifu majengo, na mwaka 1890 alikwenda kijiji cha Bosbury, Herefordshire, kujifunza kwa Philip Clissett, mkereza viti aliyekuwa amevuka miaka 70. Mzee yule alitumia kerezo la mguu: unakanyaga chini, kamba inazungusha mti, na tawi linalonepa juu linaurudisha. Miguu na vipande vya mgongo vilitoka kwenye miti ya jirani. Miaka mitatu baadaye Gimson na ndugu wawili, Ernest na Sidney Barnsley, walihamia vilima vya Cotswolds na kuanza kutengeneza samani. Walichokikuta huko kilikuwa shule nyingine kabisa, shule ya waunda mikokoteni. Muunda mkokoteni hukwangua kingo za mbao sehemu zisizobeba uzito, ili gari liwe jepesi bila kudhoofika, na huacha unene wote penye viungo. Gimson na akina Barnsley walichukua mkwanguo huo wakaupeleka kwenye meza na makabati. Chini ya meza zao kubwa wakaweka mhimili unaogawanyika mwishoni kama reki ya mbao ya kukusanyia nyasi. Ukiitazama meza ya namna hiyo bila kujua, utadhani ni pambo. Ni akili ya shamba iliyobebwa mpaka chumba cha kulia.

Ndiyo maana viungo vyao vimeachwa wazi. Ulimi wa ubao mmoja unapita kwenye tundu la mwingine, unatokeza upande wa pili na kukazwa kwa kabari. Pembe za kabati zimeshikana kwa meno yaliyopanuka kama mkia wa ndege, na meno hayo yanaonekana kwa nje, wakati fundi wa kawaida wa zama zile angeyafunika. Vigingi havikukatwa vikafichwa kwa rangi. Mwaloni ulipasuliwa kwa robo, yaani gogo hugawanywa mara nne kwanza, kisha mbao hukatwa zikielekea kwenye kiini, ili mishipa ya mti ijitokeze usoni kama miali inayong'aa. Kupasua hivyo kunapoteza mbao nyingi, lakini ubao unaopatikana haupindi ovyo. Na badala ya kupaka rangi juu, wengi waliufungia mwaloni katika chumba chenye mvuke wa amonia kwa siku moja au mbili. Amonia huchanganyika na tanini iliyomo ndani ya mti wenyewe, na ubao unakuwa wa kahawia iliyokolea. Rangi inatoka kwa mti. Kila hatua hapo inamtaka mtu anayejua ubao ulikotoka gogoni, umekauka kiasi gani, utapanuka kuelekea wapi.

Na mashine? Morris mwenyewe aliuza mazulia yaliyofumwa kwa mashine katika kiwanda cha Wilton. Katika mihadhara yake alisema waziwazi kwamba mashine za chuma si shida, ziifanye ile kazi inayochosha na kuudhi. Alichotaka kiondoke ni ile mashine kubwa isiyoshikika ya biashara, inayomlazimisha mtu azalishe takataka ili ale. Baada ya 1883, alipoingia kwenye siasa za kisoshalisti, msimamo huo ulizidi kuwa mkali. Msanifu majengo C. R. Ashbee alianzisha chama chake cha mafundi 1888 mashariki mwa London, kikitokana na darasa la vijana waliokuwa wakimsoma Ruskin, na kufikia 1911 alikuwa akiandika kwamba ustaarabu wa sasa umesimama juu ya mashine, na mafunzo ya sanaa yasiyokiri hivyo yamepotea. Kwa upande mwingine Sidney Barnsley alifanya kazi peke yake, kila ubao kwa mikono yake, mpaka mwisho wa maisha yake ya ufundi. Wote walikuwa nyumba moja. Anayemchukua Barnsley peke yake na kumwita vuguvugu zima ameokota ukurasa mmoja.

Marekani jambo hili lilikuwa wazi zaidi. Gustav Stickley, mtengeneza samani mzaliwa wa Wisconsin, alitembelea Uingereza, akarudi na kuonyesha samani zake mpya huko Grand Rapids mwaka 1900. Zilikuwa nzito, zenye mistari iliyonyooka, mwaloni uliopasuliwa kwa robo, viungo wazi. Jarida alilolianzisha Oktoba 1901 lilimtolea Morris toleo la kwanza na Ruskin la pili, na baadaye likawa likichapisha michoro ili msomaji ajitengenezee meza nyumbani kwake. Alama yake ilikuwa bikari ya seremala na maneno ya Kiflemi yenye maana ya "kadiri niwezavyo". Karakana yake huko karibu na Syracuse ilijaa misumeno na randa za mashine, naye hakuona aibu: mashine ipasue na kunyoosha, mtu aunganishe na kumalizia. Ndugu zake Leopold na John George walikwenda mbali zaidi. Mguu wa meza wa mwaloni una tatizo la asili, kwamba miali ile mizuri hutokea nyuso mbili tu. Wao walichukua vipande vinne vilivyopasuliwa kwa robo, wakavikata kingo zake kwa mashine kwa usahihi ambao mkono ungeshindwa kuurudia siku nzima, wakaviunganisha kuzunguka kiini chembamba, na mguu ukaonyesha miali pande zote nne. Hiyo ni mashine iliyotumiwa na mtu anayeujua mti. Ningependa wanaoomboleza mitandaoni waitafakari miguu hiyo.

Sasa tuzipime hoja. Upande wa wanaopinga mashine una hoja moja yenye uzito na moja dhaifu. Yenye uzito ni kwamba mashine mikononi mwa mfanyabiashara ina mkondo wake: inamsukuma fundi kutoka kwenye kubuni hadi kwenye kusafisha, kutoka kwenye penseli hadi kwenye msasa, na mshahara unamfuata hukohuko chini. Mtu wa Keko ni ushahidi wa hilo na sina la kupinga. Iliyo dhaifu ni ile inayopendwa zaidi, kwamba alama ya mkono yenyewe ni ubora, kwamba ukiona kigingi kisicholingana na kovu la patasi umekutana na roho ya fundi. Historia imeivunja hoja hii bila huruma. Samani za Stickley zilipopata soko, viwanda vingine vya Marekani viliona kwamba mteja anapenda ndimi za mbao zinazotokeza. Vikaanza kukata vipande vidogo na kuvibandika kwa gundi juu ya mguu, mahali ambapo hapakuwa na kiungo chochote. Ndani kulikuwa na vijiti vya kawaida vya kuungia mbao. Alama ya mkono hughushiwa kirahisi kuliko kitu kingine chochote, na leo hii mtu anayeandika "imetengenezwa kwa mkono" chini ya picha ya kitanda hahitaji hata gundi.

Mwaka 1899 mchumi Thorstein Veblen aliichoma hoja hiyohiyo kutoka upande mwingine. Alisema kasoro za kitu cha mkono hupendwa kwa sababu zinatangaza gharama: tajiri ananunua kutolingana ili majirani wajue hakununua cha dukani. Akawataja Ruskin na Morris kama walioipa tabia hiyo heshima. Nadhani alimwonea Ruskin, ambaye jicho lake lilikuwa kwa mtengenezaji na si kwa mnunuzi, lakini kuhusu wanunuzi alipatia. Ukitaka kuthibitisha, kumbuka kwamba mwaka 1988 mwigizaji Barbra Streisand alinunua kabati la vyombo lililokuwa nyumbani kwa Gustav Stickley mwenyewe kwa dola 363,000 katika mnada wa New York. Samani iliyoandikiwa makala ikisifiwa kuwa ya familia ya kawaida iligeuka johari.

Upande wa wanaoshangilia mashine nao wanayo hoja nzito. Husema: hayo mawazo mazuri yalijaribiwa yakafilisika. Ni kweli. Ashbee alikihamisha chama chake kutoka London kwenda Chipping Campden mwaka 1902, mafundi na wake na watoto wao, watu wapatao 150, wakitafuta maisha bora ya shamba. Kazi ilipopungua, fundi aliyekuwa London angeweza kwenda kwa bwana mwingine mtaa wa pili. Kule kijijini hapakuwa na mwingine. Wakati huohuo duka la Liberty liliuza vitu vya mtindo unaofanana kwa bei nafuu zaidi. Mwanzoni mwa 1908 kampuni ikafungwa. Stickley alifilisika 1915, baada ya kukodi jengo la ghorofa 12 katikati ya Manhattan. Morris mwenyewe aliwahi kulalamika, akiwa kazini nyumbani kwa tajiri mmoja, kwamba anatumia maisha yake kuhudumia anasa za kinguruwe za matajiri. Kama mwasisi alisema hivyo, mtetezi wa leo hana haki ya kuliruka.

Lakini soma sababu za kufilisika moja moja. Ashbee aliangushwa na umbali wa soko na uhaba wa kazi mbadala. Stickley aliangushwa na kodi ya jengo na ladha ya wateja iliyogeuka. Hakuna alipoangushwa mtu kwa kumwachia fundi afikiri. Na kilichodumu kuliko kampuni zote kilikuwa shule. Mwaka 1896 baraza la jiji la London lilifungua chuo cha sanaa na ufundi ambapo W. R. Lethaby, aliyekuwa ameshirikiana na Gimson katika kampuni ya awali ya samani, alikuwa mmoja wa wakuu wawili wa kwanza. Walimu walikuwa watu wanaofanya kazi hiyo kila siku, na vijana wa karakana walikuja kujifunza kuchora. Uamuzi ule wa kumfundisha mtu wa patasi kushika penseli ulikuwa wa maana kuliko kiti chochote kile.

Hoja ya pili ya washangiliaji, kwamba CNC inamletea maskini nakshi, ilijibiwa na rafiki wa mashine, msanifu majengo wa Marekani Frank Lloyd Wright. Mwaka 1901, katika hotuba yake Hull House, kituo cha huduma za jamii huko Chicago, aliwaambia wasikilizaji kwamba mashine imekuja kukaa na ni chombo kikubwa cha watu wote. Kisha akazishambulia mashine za kuchonga mbao. Mashine, alieleza, hukata, hunyoosha na kulainisha vizuri ajabu, na kwa kufanya hivyo inaweza kuuonyesha uzuri wa ubao wenyewe hata nyumbani kwa mtu wa kipato kidogo. Kuilazimisha iige jasho la mchonga nakshi ni kuiharibu na kumharibu mchongaji pamoja. Imepita zaidi ya karne, na sisi tumeipokea mashine yenye uwezo mkubwa mara elfu tukaipa kazi ileile aliyoikemea: waridi la kuokota kwenye intaneti juu ya mlango wa mkongo.

Hapa ndipo ninapoona hasara yetu halisi, na haihusiani na mapenzi ya mambo ya kale. Mashine haijui kwamba ubao ni mbichi. Inachonga mninga uliokatwa mwezi uliopita kwa furaha ileile inayochonga uliokaa miaka mitatu. Mlango uliotengenezwa Dar es Salaam penye unyevu ukipelekwa Dodoma kwenye ukavu husinyaa kwa upana wake, na kama paneli imegandishwa kwa gundi pande zote, itapasuka katikati ya ua. Ndugu wawili Greene wa Pasadena, Marekani, wasanifu wa nyumba ya familia ya Gamble iliyojengwa 1908, walifanya kazi na mafundi, akina Hall, waliolijua hili: kwenye ncha za meza zao skrubu ziliwekwa ndani ya matundu marefu ili ubao upate pa kwenda unapopanuka, na juu wakafunika kwa vigingi vya mraba vya mpingo. Watu wanavipenda vigingi vile kama pambo na viwanda vinaviiga. Lakini pambo lilizaliwa na tatizo, na tatizo lilijulikana na mtu aliyekuwa na ruhusa ya kusema, "Hapana, mchoro huu utapasuka." Fundi anayepiga msasa ua lililokuja na faili hana ruhusa hiyo, hata kama anaona kabisa kwamba patapasuka.

Kwa hiyo nikiulizwa kama karakana zinunue CNC, ninajibu zinunue. Kijana anayeiendesha naye ni fundi akifundishwa mbao, na fundi wa mbao atakuwa mwendeshaji bora kuliko yeyote akifundishwa programu. Pateni zile za plaiwudi ukutani Keko ni michoro tayari. Kuziingiza kwenye kompyuta ni kazi ya siku chache, na zina mistari ambayo hakuna muuza faili wa mtandaoni aliyenayo. Vyuo vyetu vya ufundi vimezoea kumpa mwanafunzi mchoro na kumpima kwa namna alivyoufuata. Vimpe pia karatasi tupu. Na mwenye karakana anayelipia faili la mgeni asiyemjua anaweza kumlipa mtu wake mwenyewe kwa kuchora, kama malipo tofauti na ya kuchonga, kwa sababu ni kazi tofauti. Wanunuzi nao tuna sehemu yetu. Tumezoea kuuliza bei na siku ya kuchukua mzigo. Tukiuliza ubao ulikauka muda gani na nani alichora, mwenye karakana ataanza kuona kwamba majibu hayo nayo yana bei.

Mlango niliouona siku ile ulipakiwa kwenye kirikuu alasiri, umezungushiwa maboksi na kamba, ukielekea Mbweni. Kabla haujafungwa niliuona ukingo wake wa juu, ule utakaofichwa na fremu. Paliandikwa kwa penseli ya seremala namba ya simu ya mwenye karakana, na neno "umeisha".